Mwongozo kamili: jinsi ya kuwa jaji wa hakathoni bila kumzawadia mwenye mdomo mtamu

Kila hakathoni, yaani mashindano ya timu kujenga programu kwa siku chache, ikiisha hapa Nairobi, mambo ni yaleyale. Majaji wametoka chumbani wamechelewa saa nzima, washindi wanapigwa picha na hundi ya kadibodi, na kwenye ngazi kuna timu tatu zinaulizana, "Kwani hawa wamejenga nini?" Wiki inayofuata jaji mmoja hunipigia kuuliza kama kuna njia nzuri zaidi. Ipo, na si ngumu. Nimechoka tu kuieleza kwa simu kipande kipande.

Siandiki kama mtu asiyekosea. Mara yangu ya kwanza kukaa meza ile, katika ukumbi mmoja pembeni mwa Ngong Road, niliipa ushindi timu ya apu ya kuagiza maji ya bauza, yale yanayoletwa kwa lori la tangi. Skrini zilimeremeta na msemaji alikuwa na Kiingereza cha redio. Jumatatu nikawatafuta niwaunganishe na mwenye malori. Hakukuwa na apu. Zilikuwa picha zilizopangwa zikafuatana. Timu niliyoiweka ya tano, vijana wawili waliogugumia jukwaani mpaka nikawaonea huruma, walikuwa na namba ya tili, ile ya kupokelea malipo ya M-Pesa, na wauza mitumba wanne wa soko la Toi waliokwisha kulipa Sh50 kila mmoja. Sikuwauliza. Kwenye karatasi yangu, palipoandikwa "ushahidi", niliweka 6 kwa kuwa 6 ni namba isiyomuudhi mtu.

Mwongozo huu ni wa mashindano ya kawaida ya saa 54, Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku, yenye timu kama 12 na majaji watatu hadi watano. Kama yenu ni ya siku moja, punguzeni muda, lakini msiiruke hatua ya 3.

## Unachohitaji

- Karatasi ya alama kwa kila timu, si karatasi moja yenye timu zote. Ukiwa na orodha mbele yako utaanza kulinganisha timu na jirani yake badala ya kuipima kwa kipimo.
- Kalamu mbili. Moja itaazimwa na haitarudi.
- Simu yako yenye laini ya M-Pesa, bando lako mwenyewe na Sh100 hivi za majaribio. Intaneti ya ukumbi Jumapili alasiri hugawanywa na watu 80.
- Kabambe, ile mulika mwizi ya vitufe, kama kuna timu inayodai kuwafikia watu wasio na simu janja. Dai hilo haliwezi kupimwa kwa simu ya Sh60,000.
- Kipima muda kinachoonekana na timu, si na majaji pekee.
- Mtunza alama asiye jaji, mwenye jedwali la Excel tayari. Jaji akijumlisha alama zake mwenyewe saa mbili usiku, makosa hayakosi.
- Sheria za mashindano kwa maandishi na orodha ya wanatimu wote.

## Hatua ya 1: Pata sheria kabla ya wikendi kuanza

Mpigie mratibu Alhamisi, si Jumapili asubuhi. Muulize mambo manne: timu zinaruhusiwa kuja na nini kilichotengenezwa kabla, kila timu ina dakika ngapi, tuzo ni nini hasa, na majaji wakigawanyika nani ana kauli ya mwisho.

Swali la kwanza ndilo huleta fujo. Mashindano mengine huruhusu wazo la zamani mradi msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, uanze Ijumaa. Mengine hayaruhusu hata hilo. Usipojua sheria, utaiadhibu timu iliyofuata masharti na kuitunuku iliyoyavunja.

Ukipata orodha ya wanatimu, isome yote. Ukimkuta binamu, mwanafunzi wako, mfanyakazi mwenzako au mtu uliyemkopesha pesa, sema mara moja, na usiipe alama timu hiyo. Nairobi ni kubwa lakini watu wa teknolojia ni walewale. Kufahamiana si kosa, kosa ni watu kukugundulia baadaye.

Tahadhari: mfadhili akiwa na jaji mezani, mwombe mratibu atenganishe tuzo ya mfadhili na tuzo kuu. La sivyo, timu iliyotumia huduma ya mfadhili itakuwa na mjomba chumbani.

Umefaulu ikiwa Ijumaa jioni unaweza kumweleza mshiriki sheria zote nne bila kusoma popote.

## Hatua ya 2: Kubalianeni vipimo na uzito wake

Hapa ndipo mashindano mengi huharibika kabla hayajaanza. Karatasi nyingi za alama zina vipengele vinne au vitano vyenye uzito sawa, na kimojawapo ni uwasilishaji. Halafu mtu mwenye sauti nzuri hupata alama nzuri hapo, na sauti hiyohiyo inamvutia alama kwenye vipengele vingine vyote. Amelipwa mara tano kwa kipaji kimoja.

Mimi hutumia vipengele vinne. Kila kimoja hupewa 0 hadi 5, kisha mtunza alama anazidisha:

- Ushahidi wa mteja, mara 7
- Kilichojengwa, mara 7
- Njia ya pesa, mara 4
- Uwasilishaji, mara 2

Jumla ya juu kabisa ni 100. Tazama uzito unavyobadilisha mambo. Timu ya kwanza imepata 4, 2, 3 na 5 kwa mpangilio huo: 28 + 14 + 12 + 10, yaani 64. Timu ya pili, wale wanaogugumia, imepata 3, 4, 3 na 2: 21 + 28 + 12 + 4, yaani 65. Vipengele vyote vikiwa na uzito sawa wa mara 5, wa kwanza wangepata 70 na wa pili 60. Timu ni zilezile na majaji ni walewale. Aliyeshinda ni yule ambaye karatasi ilitaka ashinde.

Usikubali kipimo cha 1 hadi 10 kisicho na maelezo. Kila namba iwe na maana iliyoandikwa. Kwa ushahidi wa mteja, mimi huandika hivi:

- 0: Hawajazungumza na yeyote.
- 1: Wamezungumza na marafiki, jamaa au kundi la WhatsApp la darasa.
- 2: Wamezungumza na wasiowajua, lakini wanarudisha maneno ya jumla tu.
- 3: Wamezungumza na watu 10 au zaidi wenye tatizo lenyewe, na kuna kitu walikibadilisha kwa sababu hiyo.
- 4: Mtu ametoa kitu chake: muda, miadi, orodha ya bidhaa, nafasi ya kujaribia dukani mwake.
- 5: Mtu asiyewajua amelipa.

Kwa kilichojengwa: 0 ni slaidi tupu, 1 ni michoro, 2 ni picha za skrini zinazobonyezeka, 3 ni njia moja inayofanya kazi mwanzo hadi mwisho mikononi mwa timu, 4 ni njia hiyohiyo ikifanya kazi mikononi mwako, na 5 ni kwamba imetumiwa na mtu wa nje ya ukumbi. Angalia kwamba hakuna mahali nimeandika "inapendeza". Siku hizi akili unde humpa mtu skrini maridadi kabla chai haijapoa, kwa hiyo umaridadi hauthibitishi kazi ya wikendi nzima.

Njia ya pesa na uwasilishaji zielezeni kwa sentensi moja moja. Zisiwapotezee muda.

Umefaulu ikiwa mnachukua timu ya kubuni, kila jaji anaipima peke yake, na hakuna kipengele ambacho mmepishana kwa zaidi ya alama moja. Mkipishana kwa mbili, maelezo yenu hayajaeleweka, yarudieni.

## Hatua ya 3: Zunguka mezani kabla ya jukwaa

Jaji anayefika saa kumi na moja jioni akakaa kiti cha mbele atapima maigizo. Fika saa nane mchana. Jumapili barabara hazisumbui sana, kwa hiyo hakuna kisingizio.

Ipe kila timu dakika 7 mezani kwake. Timu 12 ni dakika 84, na ukiongeza kutembea na salamu ni kama saa moja na nusu. Anza kwa neno moja: "Nionyesheni." Usiseme "nielezeni." Ukisema nielezeni utapewa hotuba, tena ileile utakayoisikia jioni.

Kisha omba simu yao uishike mwenyewe. Hapa kaa kidogo, maana dakika hizi 7 zina habari kuliko jukwaa zima.

Badilisha kitu. Kama wameandika kilo 2 za nyanya, weka kilo 3 uone jumla ikibadilika. Kama jina ni la mtu mwingine, weka lako. Picha zilizopangwa hazijui kuhesabu. Kama ningeweka 3 mahali pa 2 kwenye ile apu ya maji ya bauza, aibu ya Jumatatu isingenipata.

Kosea makusudi. Weka namba ya simu yenye tarakimu tisa. Acha nafasi wazi. Zima data katikati. Hutarajii programu ya siku mbili ivumilie yote hayo. Unatafuta kujua kama wenyewe wanajua itavunjikia wapi. Timu inayokwambia "hapo itakwama, hatujafika" imefanya kazi. Timu inayokunyang'anya simu haraka haraka, mm.

Fuata shilingi. Timu nyingi hapa kwetu zitakuonyesha malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mlango ambao Safaricom imewafungulia wasanidi programu. Daraja ina mazingira ya majaribio, na namba ya biashara ya majaribio ni 174379. Ukiiona kwenye msimbo wao, jua kwamba malipo hayo ni ya mazoezi. Hilo si kosa, kwa kuwa kuunganisha apu na tili halisi au Paybill, namba nyingine ya kupokelea malipo, mara nyingi huhitaji makaratasi ambayo wikendi haitoshi. Kosa ni mtu kusimama jioni akasema "tayari tunauza" huku namba ni hiyo. Iandike pembeni usubiri jioni.

Tahadhari kubwa: apu ikiwa na kisanduku chake yenyewe kinachomwomba mteja aandike PIN ya M-Pesa, simama hapo. PIN huingizwa kwenye kidirisha kinachotokea kwenye simu ya mteja kutoka kwa laini yake, haiingizwi kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Niliikuta mara moja. Kijana alifikiri amewarahisishia watu kazi. Nilimweleza palepale, tukaiondoa pamoja, na alama za kilichojengwa nikampa kwa kile kilichobaki.

Kwa USSD, zile menyu za kupiga *…# zisizohitaji intaneti, kubali kiigizaji, yaani programu inayoigiza simu. Namba halisi ya nyota na reli hupitia kampuni za simu na haipatikani kwa siku mbili, ndiyo maana timu nyingi hutumia kiigizaji cha Africa's Talking. Ila hesabu maneno: ukurasa mmoja wa USSD haupiti herufi 182. Menyu yenye chaguo tisa na maelezo marefu inaonekana vizuri kwenye slaidi tu. Hapo ndipo kabambe yako inapofaa. Mpe mwanatimu aishike na umwulize maneno haya yataingiaje kwenye skrini hii.

Uliza historia. Waambie wafungue historia ya mradi kwenye GitHub, tovuti inayohifadhi msimbo na kuonyesha uliingia lini. Msimbo wote ukiwa umeingia kwa mkupuo mmoja Jumapili saa tano asubuhi, uliza kwa upole ulikuwa wapi. Wakati mwingine jibu ni la kawaida tu: walifanya kazi kwenye kompyuta moja na hawakukumbuka kuhifadhi. Kisha mwombe mtu mmoja akueleze sehemu moja aliyoiandika au kuielekeza: "Hapa ukitaka mteja alipe nusu kwanza, ungebadilisha wapi?" Kutumia akili unde si dhambi kama sheria hazikatazi. Kutojua kilichoandikwa ndiyo shida.

Umefaulu ikiwa ukiondoka mezani unaweza kuandika sentensi moja inayoanza na "Niliona" badala ya "Walisema".

## Hatua ya 4: Jukwaani, sikiliza na uandike

Tangazeni mapema, kabla timu ya kwanza haijapanda, kwamba Kiswahili kinaruhusiwa, na Sheng pia, na hakuna alama inayopunguzwa kwa lugha. Mratibu aseme kwa maiki, siyo kwenye karatasi. Nimemwona binti akihangaika na Kiingereza dakika nzima akieleza mizani ya wauza samaki, mikono inatetemeka. Jaji mmoja mama akamwambia, "Mwanangu, sema na mimi kama unavyosema nao sokoni." Binti akashusha pumzi. Dakika tatu zilizofuata zilikuwa bora kuliko zote za jioni ile. Alitaja bei, alitaja saa za samaki kufika, alitaja jinsi mizani inavyoegemezwa na kidole.

Dakika 5 ziwe 5 kwa wote. Kipima muda kikilia, msemaji ananyamaza hata akiwa katikati ya neno. Ukimwongezea mmoja sekunde 30 kwa kuwa anafurahisha, umeiba za wengine.

Stima ikipotea au projekta ikigoma, simamisha saa. Hilo si kosa la timu.

## Hatua ya 5: Uliza maswali yanayofungua

Dakika 3 za maswali zinatosha maswali matatu au manne. Jaji anayetumia dakika moja na nusu kueleza jinsi yeye alivyoanza biashara mwaka 2009 amekula nusu ya nafasi ya timu. Tunawajua, na tunawapenda, lakini mwenyekiti awakatize.

Swali langu la kwanza huwa: "Nani aliwakatalia, na alisema nini?" Timu iliyotoka ukumbini Jumamosi ikaenda soko la Gikomba au Muthurwa ina jibu, tena lenye sura ya mtu: mama fulani aliwafukuza kwa sababu walimzibia mteja. Timu iliyokaa ndani itakwambia kila mtu alipenda wazo.

Wakisema "tuliongea na watu 40", omba watatu tu. Wa kwanza alikuwa anauza nini? Sasa hivi tatizo hilo analimaliza vipi, na linamgharimu shilingi ngapi? Mtu asiyetumia hata shilingi moja kupambana na tatizo huenda halimsumbui.

Wakionyesha ujumbe wa M-Pesa wa waliolipa, pongeza, kisha uliza mmefahamianaje na aliyelipa. Mama mzazi hahesabiki.

Kwa mawazo yanayorudi kila wikendi mjini humu, nina maswali yangu tayari:

Apu ya mama mboga. Tuseme oda ni ya Sh300 na timu inakata asilimia 10, yaani Sh30. Boda boda anataka Sh100. Nani analipa hiyo 100? Mteja mwenyewe ana mama mboga hatua ishirini kutoka mlangoni, na anapewa dhania ya bure. Timu ikiwa imeliwazia hili, hata kwa jibu nusu, mpe alama. Isipoliwazia, usiwasaidie.

Apu ya chama, kikundi cha kuchangiana pesa. Uliza pesa zinakaa kwa nani. Kuandika kumbukumbu za michango ni jambo moja. Kushika na kuhamisha pesa za watu ni jambo jingine, linalogusa Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011 na kibali cha Benki Kuu.

Apu ya mikopo. Watoa mikopo ya kidijitali wana kanuni zao tangu 2022 na wanahitaji leseni ya Benki Kuu. Uliza pia kama apu inasoma majina kwenye simu ya mkopaji. Wakisema ndiyo, wataje wanamfanyia nini mdhamini asiyejua kuwa amewekwa dhamana.

Chochote kinachopiga picha kitambulisho. Kwa nini mnaihitaji, inahifadhiwa wapi, inafutwa lini? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiangalii kama kampuni yako ina siku mbili au miaka kumi.

Tahadhari: sheria isiwe rungu. Timu haiwezi kupata leseni Jumamosi usiku. Unachopima ni kama wanajua mlango upo na nani ana ufunguo.

Umefaulu ikiwa baada ya maswali una jibu moja lenye jina la mahali, bei au tarehe, ambalo halikuwa kwenye slaidi.

## Hatua ya 6: Andika alama peke yako, palepale

Kila timu ikishuka, dakika 2 za kimya. Usimtazame jaji mwenzako, usiguune, usicheke pembeni. Andika namba nne na sababu moja kwa kila namba. Namba isiyo na sababu hutaweza kuitetea saa mbili usiku, wala kuibadilisha kwa haki.

Timu 12 kwa dakika 10 kila moja, yaani 5 na 3 na 2, ni saa mbili kamili. Wekeni mapumziko baada ya timu ya sita. Jaji mwenye njaa hana huruma.

Timu ya kwanza huumia, kwa sababu majaji wengi hujibana wakihifadhi alama za juu kwa watakaofuata. Baada ya timu ya tatu rudi kwenye karatasi ya kwanza, soma maelezo ya kipimo tena, na urekebishe kama ulibania. Fanya hivyo mara moja tu. Ukiendelea kurekebisha hadi mwisho, unaanza kupanga matokeo.

## Hatua ya 7: Chumbani

Mpeni mtunza alama karatasi zote kabla ya mtu yeyote kusema neno. Wakati anajumlisha, kunyweni chai.

Hebu tuone kwa nini jumla peke yake haitoshi. Jaji wa kwanza na wa pili wametumia sehemu ya juu tu ya kipimo: timu ya boda boda 80, timu ya maji 70, wote wawili hivyo hivyo. Jaji wa tatu ni mkali, anatumia kipimo chote: boda boda 30, maji 90. Jumla ya boda boda ni 190, ya maji 230. Maji wameshinda, ingawa majaji wawili kati ya watatu waliwaweka boda boda mbele. Mtu mmoja ameamua, si kwa hila, ni kwa mkono wake mpana tu.

Kwa hiyo mwambieni mtunza alama atoe orodha mbili: ya jumla, na ya nafasi ambayo kila jaji aliiweka timu. Orodha zikikubaliana juu ya mshindi, kazi imekwisha, msitafute maneno. Zikipishana, jadilini timu hizo mbili tu. Timu ya tisa isijadiliwe na mtu.

Katika majadiliano, mdogo aanze. Hili nalisisitiza kwa sababu ya malezi yetu. Mzee akishatamka kwamba timu ya maji imemgusa, kijana wa miaka 26 mezani hawezi kumpinga mbele za watu. Ataitikia "ni kweli, mzee" na kuizika sababu yake nzuri. Aanze yeye, afuatwe na wa katikati, mzee amalizie. Kila mmoja asome kutoka karatasi yake kile alichokiona. Anayetaka kubadilisha namba ataje jambo jipya alilolisikia. "Nimeguswa" si jambo jipya.

Bado mmefungana? Aliye juu kwenye ushahidi wa mteja anachukua. Bado? Aliye juu kwenye kilichojengwa. Muandike kanuni hii Alhamisi, wakati hakuna mtu mwenye kipenzi.

Tahadhari: jihadharini na sentensi "lakini hawa ndio wataendelea." Hakuna kati yenu anayejua. Mmepewa wikendi moja muipime, pimeni hiyo.

Umefaulu ikiwa mmetoka chumbani ndani ya dakika 25 na kila jaji anaweza kumweleza mtu wa ngazini, kwa sentensi mbili, mshindi alijenga nini na nani alikitumia.

## Hatua ya 8: Tangazeni, kisha warudishieni watu kazi yao

Mwenyekiti akitangaza, aseme sababu pamoja na jina: "Walipata wauzaji wanne waliolipa, na apu ilifanya kazi kwenye simu yangu." Minong'ono ya ngazini hupungua sana.

Kila timu ipewe karatasi zake za alama, bila majina ya majaji, kabla haijatoka ukumbini. Ndiyo maana nilisema karatasi moja kwa kila timu. Andika chini mambo mawili: kilichowaongezea alama, na jambo moja la kufanya wiki hii. "Boresheni biashara yenu" si jambo. "Rudini Toi Jumatano, mkamuulize yule mama aliyekataa angelipa nini badala yake" ni jambo.

Watakaokuja kulalamika, wasikilize wamesimama, dakika tatu kila timu, ukiwa na karatasi mkononi. Msomee kilichoandikwa. Usimwambie alikuwa wa pili kama hakuwa wa pili, na usimtupie lawama jaji mwenzako. Kama kweli mtunza alama amekosea hesabu, mwite mratibu hapo hapo wakati maiki bado zimewashwa, kwa sababu asubuhi hundi itakuwa imeshaingizwa benki na picha ziko kila mahali.